"Ndiyo" ya Adabu Si Ushahidi



Liko funzo baya tunalolipokea nyumbani na kulibeba hadi mahakamani: kwamba mwenye adabu hapingi. Mkubwa akisema, itikia. Afisa akiuliza, kubali. Nasema waziwazi kwamba hiyo si adabu. Ni mtego, na wanaonaswa kwanza ni wanyonge.

Chukueni mfano wa mtu aliyetoka Kongo, akapokelewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kisha akashtakiwa Mbarara. Anakijua Kiswahili, kesi yaendeshwa kwa Kiingereza. Swali la mwendesha mashtaka linamfikia kupitia mkalimani: "Hukuwapo sokoni siku ile?" Anajibu kwa unyenyekevu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili amesema: ni kweli, sikuwapo. Lakini mkalimani mzembe akiigeuza "ndiyo" hiyo kwa Kiingereza, neno kwa neno, hakimu aweza kusikia kinyume chake: nilikuwapo. Neno moja la heshima limemweka mtu mahali asipofika. Nani atasimama kupinga, ikiwa sote tumelelewa kunyamaza?

Sheria haikututaka tunyamaze. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28, yampa mshtakiwa wa jinai asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Sheria ya Ushahidi nayo yamzuia wakili kumtilia shahidi wake jibu kinywani bila ruhusa ya mahakama, pale upande wa pili unapopinga. "Ulimwona akimfungua mbuzi, sivyo?" ni swali la kuongoza. "Ulimwona nani, akifanya nini?" si la kuongoza. Angalieni: kinga hiyo huamka mtu anapopinga, asipopinga, hulala. Na shahidi anapohojiwa na upande wa pili, maswali ya kuongoza huruhusiwa. Hapo ngao yake ni ulimi wake mwenyewe: "Swali sikulielewa." "Hilo sikulisema."

Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952, mkalimani alikuwa Louis Leakey. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, aliupinga ukalimani wake, na Leakey akajitoa. Kenyatta alifungwa hata hivyo. Je, pingamizi lile lilipotea bure? La. Lilithibitisha kwamba hata mahakama ya mkoloni haikuweza kuliendea neno la mtu ovyo bila kuulizwa.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: penye wazee haliharibiki neno, basi kijana asipinge. Namjibu: neno haliharibiki kwa sababu wazee hulipima, na hakuna kupima bila kusikiliza upande wa pili. Wa pili atasema: mapingamizi huchelewesha. Kweli, lakini kifungo cha asiye na hatia huchelewesha maisha yake yote. Wa tatu ana hoja nzito zaidi: mjanja hupinga kila kitu ili ukweli usisikike. Hilo nalikubali. Ndiyo maana pingamizi lazima litaje sababu, lilenge swali wala si mtu, na hakimu akilikataa, mpingaji huketi.

Kwa kipimo hicho hicho tupime mabishano yetu ya kila siku. Mtu analalamika kwamba bomba halitoi maji, anaambiwa: "Wewe umekuja juzi tu, utajua nini?" Hilo si pingamizi. Halikugusa bomba wala maji. Limemgusa mgeni tu. Jibu lake ni fupi na halina tusi: "Nimekuja juzi, ni kweli. Je, maji yanatoka?"

Basi, wanafunzi wangu wa Nyamitanga, msiridhike kujua salamu na bei za sokoni. Mkiulizwa kwa kukanusha, msijibu "ndiyo" wala "hapana" peke yake; jibuni kwa sentensi kamili: "Sikuwapo." Msipoelewa, semeni hivyo, kwani kuuliza si ujinga. Na mkitiliwa maneno kinywani, yatoeni kwa sauti ya upole inayosikika: "Napinga, kwa sababu…" Anayeijua lugha akashindwa kukataa kwayo, bado hajaijua.