Hidrojeli na Mkono wa Mchimbaji



Juma hili tumesoma habari za hidrojeli, yaani utando laini wa polima ushikao maji mengi, mfano wa lenzi laini za macho. Mwaka 2025 wataalamu wa Aalto, Ufini, na Bayreuth, Ujerumani, walitangaza hidrojeli ambayo ikikatwa kwa kisu hujiunga yenyewe: nyuzi zake zilizosokotana hutambaa na kusokotana upya, na kwa siku moja hurudi nzima.

Tusidanganyike: kinachojiponya ni hidrojeli, si mtu. Faida inayotarajiwa ni bandeji isiyopasuka kiungo kikunjwapo, yenye kukitunza kidonda katika unyevu. Hapo twamkumbuka mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo, aliyeumia vidole kwenye karasha, akafunga kipande cha shati na kurudi duarani, penye vumbi. (Mgawo wa mifuko haumngoji mgonjwa.) Dhahabu yake hufika viwanda vya mbali bila shida, twaona ni haki bandeji hiyo nayo ifike kwake, kwa bei ya zahanati ya kijiji.

Kwa sasa, anayejeruhiwa aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, aende zahanati siku hiyohiyo, na aulizie chanjo ya pepopunda.