Fundi, toboa galoni hiyo

Wateja wangu hapa Lurambi wana mtihani mmoja tu wa oili. Wanachovya kidole, wanasugua kwa gumba, wananusa. Ikivutika kama mrenda, ni nzuri. Ikiwa nyepesi, fundi ni mwizi.

Oili ya sintetiki kwa kawaida huanguka mtihani huo. Ile 30 kwenye 5W-30 hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, kwa hiyo anayetaka kupima kwa kidole aichemshe kwanza. Injini ya Probox ina VVT-i, mtambo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, ambao huendeshwa na oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Ukiimwagia 20W-50 eti kwa sababu inavutika, asubuhi yenye baridi oili inachelewa kufika juu. Na ikiwa nyeusi mapema, usinigombeze; mara nyingi sabuni iliyomo inaosha masizi.

Hata neno sintetiki lisikulaze. Mobil iliishtaki Castrol mbele ya chombo kinachosimamia matangazo ya biashara Marekani, ikashindwa mwaka 1999; tangu hapo oili ya mafuta ghafi iliyosafishwa sana nayo huitwa hivyo. Mimi husoma herufi za kiwango cha API, kama SP iliyoanza 2020, na kwa boda natafuta kiwango cha JASO MA, maana klachi ya pikipiki huoga katika oili ile ile ya injini.

Lakini yote hayo ni kusoma galoni, na galoni yaweza kusema kweli huku kilichomo ni uongo. Kuna mnunuzi wa galoni tupu anayepita gereji zetu. Mama anayetaka ya kuwekea mafuta ya taa hachagui. Mnunuzi huyu hataki yenye lebo iliyokwaruzika, na hulipa zaidi ikiwa na kifuniko chake. Za kazi gani, kama si kujazwa oili bandia? Ukituma namba iliyo chini ya alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenda 20023, jibu litakuja safi kabisa, kwa sababu galoni ni halali.

Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia inaweza kuvamia maduka hadi ichoke. Malighafi inatoka kwetu mafundi. Basi tutoboe kitako cha kila galoni kwa bisibisi, mteja akiangalia. Kaunti inayotudai leseni ya biashara ingefanya hilo liwe sharti.

Wenzangu wananiambia nawanyima vijana pesa ya chai. Ndiyo, nawanyima. Ila beringi zikianza kugonga, gari huvutwa hadi kwetu, na anayetukanwa si yule mnunuzi wa galoni.

Mteja akisema galoni ni yake, ameilipia na anaitaka nyumbani, simbishii. Aende nayo. Kifuniko nakikata vipande viwili kwanza.