STAA ALIYEICHEKA BOTI YA MZEE WA WATU KUNDUCHI AJUE: KUPAUKA SIO KUOZA!

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, ana wafuasi kibao na kila wikendi lazima aonekane mahali anakula bata. Jumapili moja alikuwa anavuka na mashosti zake kwenda Mbudya. Pale Kunduchi akaegemea boti ya faiba ya nahodha mmoja mtu mzima, akainuka na unga mweupe umejaa kwenye gauni lake jeusi. Badala ya kujikung'uta yaishe, akawasha simu: "Oneni jamani, boti inamwaga chokaa, tutafika kweli?" Mashosti wakaangua kicheko. Mzee wa watu anaonekana kwa nyuma kashika kamba, hajui hata kama anarekodiwa.

Klipu ikapaa. Povu likafuata: boti kaburi, ifungiwe, mzee astaafu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ule unga ni nini.

Ule unga ni jua tu! Boti ya faiba kwa nje ina ngozi inaitwa jelikoti, resini iliyochanganywa na rangi, na kwa kawaida unene wake hata milimita moja haufiki. Jua la pwani linaipiga mwaka hadi mwaka, tabaka la juu linachakaa, rangi inabaki kama chaki. Pitisha kidole, kinatoka cheupe. Chini yake faiba inaweza kuwa nzima kabisa.

Cha kuchekesha, dada huyu huyu analipwa kutangaza losheni ya kukinga jua. La uso wake analijua, la boti limemshinda.

Kama kweli alikuwa na wasiwasi wa kufika, angeuliza majaketi ya kuokolea maisha yako wapi, injini ikoje, boti inabeba watu wangapi. Lakini hayo hayana kiki. Wakahamia boti ya jirani inayong'aa, na kwenye picha zao zote za njiani hakuna aliyevaa jaketi. Huo mng'ao wenyewe vijana wa ufukweni wanaujua: ni dawa ya silikoni, ile ya kufutia dashibodi za magari. Safari chache tu imekwisha, na siku ya kupaka rangi ya kweli, rangi inakataa kushika.

Huku nyuma abiria wakaanza kumkwepa mzee. Kwa presha hiyo akamchukua fundi wa gereji aliyemwahidi kumaliza kwa siku moja. Msasa mkavu, namba ya chini, mashine mkononi, kijana hana hata barakoa na vumbi la faiba analivuta lote. Kufika jioni jelikoti ya kwenye kona za mbele imeisha, nyuzi zinaonekana. Hapo ndipo boti ilipoanza kuumwa kweli, maana maji sasa yana pa kupenyea.

Kazi ile haitaki papara. Inaoshwa kwanza mafuta yote yatoke, halafu dawa ya kusugulia inajaribiwa kipande kidogo. Mara nyingine hiyo peke yake inatosha. Ikishindikana ndio msasa wa maji, namba 800 au 1000, kisha 1500, kisha 2000. Ikifuata mashine ya kupolishi iwe inatembea muda wote, ikituama sehemu moja inaunguza. Mwisho nta, na nta hiyo inarudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Jelikoti haioti kama kucha, kila ukisugua inapungua.

Mashabiki wa dada wanasema alikuwa anatania, na mzee naye angepaka nta mapema. Hilo la nta ni kweli, mzee alizembea. Fundi naye ana lawama zake. Ila uzembe wa nta hausababishi mtu akimbiwe na abiria ndani ya wiki moja, kilichosababisha ni klipu ya sekunde chache ya mtu ambaye boti kwake ni mahali pa kupigia picha.

Sasa hivi boti ya mzee ina viraka vya jelikoti mpya huku mbele, vyeupe kuliko boti yenyewe. Ubavu wa kulia unang'aa. Wa kushoto bado ni chaki, unasubiri hela ipatikane. Na klipu mpaka leo haijafutwa, ameibandika juu kabisa ya ukurasa wake.