Jaji wa Mahakama ya Juu na Lugha ya Mchuma Chai

Mwalimu wa Kericho au Bomet akiulizwa na wanafunzi wake ni nani awezaye kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, jibu analo katika Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2010. Sharti awe na shahada ya sheria, au awe wakili wa Mahakama Kuu, au awe na sifa inayolingana na hizo. Awe na tajiriba ya miaka 15 akiwa jaji, hakimu, wakili au msomi mashuhuri wa sheria. Tena awe mwadilifu asiyependelea. Waketio hapo ni saba tu.

Sina ugomvi na sifa hizo. Kinachonishughulisha ni ile isiyotajwa, yaani lugha. Katiba ya zamani ilimtaka mgombea ubunge ajue Kiswahili na Kiingereza vya kutosha kushiriki mijadala ya Bunge. Jaji hakuwekewa sharti hilo, wala hakuwekewa mwaka 2010, ijapokuwa Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Isitoshe, tajiriba yake yaweza kutoka nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola, asikosikia Kiswahili hata siku moja.

Tutaambiwa kwamba wakalimani wapo. Naam, Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo, lakini mdai fidia si mshtakiwa. Aidha, hukumu ikishaandikwa, kazi ya mkalimani imekwisha.

Utazame uamuzi wa Desemba 3, 2019 kuhusu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mfanyakazi aliyeumia aanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Mchuma chai aliyeumia mgongo kwa mzigo wa majani anaguswa na hukumu hiyo kuliko wakili yeyote wa Nairobi. Iliandikwa kwa Kiingereza. Akikimbilia mahakamani atarudishwa, na sababu ya kurudishwa imo katika kurasa ambazo huenda asiweze kuzisoma.

Sidai kwamba hukumu zote ziandikwe upya. Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji hadharani. Basi na imtake kila mmoja aeleze kwa Kiswahili, papo hapo, hukumu moja aijuayo vyema. Atakayeshindwa kumweleza mchuma chai kwa nini kesi yake imerudishwa, Tume na iandike hilo kando ya miaka yake 15.