Risasi ya karatasi isipelekwe kwa nyati

JICHO LA PORINI
Na Abdi Mlawa

Julai ikifika na msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa, kazi ya kwanza ya mgeni kambini ni kupiga karatasi. Bunduki imesafiri kwa ndege, darubini huenda imetikisika njiani, kwa hiyo shabaha inasimamishwa mita 100 na mwindaji bingwa anakaa nyuma akiangalia. Matundu matatu yakigusana, kila mtu anafurahi na gari linawashwa. Mimi ningependa gari lisubiri kidogo, mtu aulize: hizo risasi ni za aina gani?

Sina nia ya kumsumbua mgeni. Huko Marekani, hasa tangu kaliba ya 6.5 Creedmoor iingie sokoni mwaka 2007, kupiga kutoka mbali kumekuwa mtindo, na wapo wawindaji wanaobeba kwenda porini risasi zile zile za mashindano. Hoja yao ni kwamba hakuna risasi inayolenga vizuri kuliko hiyo, na mnyama aliyepigwa mahali pake hufa. Sehemu ya pili ni kweli. Lakini kufika mahali pake si kufika kwenye ngozi, ni kufika kwenye moyo na mapafu, na hapo katikati kuna nyama na mifupa.

Risasi ya shabaha imeundwa kwa ajili ya safari ya hewani tu. Gamba lake la shaba ni jembamba, lenye unene ule ule pande zote, mkia wake umechongwa ili upepo usiisumbue, na kwenye ncha kuna kitundu. Kitundu hicho kimewapotosha wengi, wakidhani kimewekwa ili ipanuke ikiingia mwilini. Hapana. Kimebaki kwa sababu ya utengenezaji wenyewe: madini ya risasi huingizwa kwa upande wa mbele, kisha gamba hukunjwa kuwa ncha. Mwaka 1990 wanasheria wa jeshi la Marekani waliichunguza risasi ya shabaha iitwayo MatchKing, ya kampuni ya Sierra, kwa kuwa Azimio la The Hague la 1899 linakataza vitani risasi zinazopanuka mwilini. Wakaamua kwamba haikuundwa kupanuka, askari aitumie. Na Sierra wenyewe hawaipendekezi kwa sehemu kubwa ya uwindaji. Mwenye mali akishasema hivyo, sijui anayebishana naye anatetea nini.

Ubaya wa risasi hii ni kutotabirika. Leo itapita mwilini kama sindano na kutoka upande wa pili bila kufanya la maana; kesho itagonga mfupa wa bega na kusambaratika hapo hapo. Kwa mnyama mdogo aliyepigwa katikati ya mbavu, kusambaratika huko kunaweza kumwangusha upesi. Kampuni ya Berger imetengeneza risasi za kuwindia zinazofuata kanuni hiyo, na kwa kulungu zinafanya kazi. Hilo nalikubali. Dume la nyati ni jambo jingine: kilo 600 na zaidi, ngozi nene, na bega linalokinga moyo. Vipande vya risasi vilivyoishia begani vinampa maumivu na hasira, halafu anaingia kichakani.

Wazungu wa Amerika ya Kaskazini walijifunza somo hili kwa mnyama wao mkubwa. Mwaka 1946, John Nosler aliwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aitwaye moose huko British Columbia, Kanada, kwa bunduki yenye nguvu ya .300 H&H. Risasi zake zilipasuka mapema mno, hazikuzama. Alirudi nyumbani akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka na kupanua jeraha, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Aliiita Partition, ikaanza kuuzwa mwaka 1948, na inauzwa hadi leo. Mwaka 1989 kampuni ya Barnes ikaleta risasi ya shaba tupu, isiyo na madini ya risasi ndani ya kumwagika. Kwa tembo mambo hayajabadilika: risasi ngumu isiyofunguka kabisa, maana fuvu lake ni pana na ubongo uko ndani sana.

Nikifika hapa, kuna msomaji atakayenitajia Bell wa Karamoja. Ni haki yake. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Uganda na nchi jirani mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7. Jina lake hutumiwa kuthibitisha kwamba shabaha ndiyo kila kitu. Lakini tazama alichopakia: risasi ndefu, nzito kwa kaliba yake, zenye gamba gumu lililofunika ncha yote, zinazokwenda moja kwa moja kwenye mfupa bila kupinda. Tena alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Biashara yake ya pembe sitaitetea hata kidogo, ila Bell alijua anachokifanya, na katika kuchagua risasi asingekubaliana na hao wanaomtaja.

Halafu tuulizane, huo usahihi wa ziada ni wa nini? Nyati hupigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100. Eneo la moyo na mapafu yake ni pana kuliko sahani ya wali. Risasi nzuri ya kuwindia inayotawanya matundu yake sentimita mbili au tatu kwa umbali huo inatosha na kubaki. Mgeni anaongeza usahihi asiouhitaji, anapoteza uzito unaozama anaouhitaji.

Gharama ya kosa hailipwi na yeye peke yake. Kwenye vitalu vyetu vya uwindaji, damu ikidondoka ada inadaiwa, mnyama apatikane asipatikane, na baada ya siku chache mgeni anapanda ndege. Anayetangulia kwenye nyasi ndefu kumtafuta nyati aliyejeruhiwa ni msoma nyayo, macho chini, mara nyingi bila bunduki mkononi. Nyuma yake yuko mwindaji bingwa na bunduki yake nzito. Wakimkosa, atakayekutana naye wiki inayofuata anaweza kuwa mama aliyekwenda kuokota kuni.

Mara nyingi mazungumzo yetu kuhusu silaha za nyati huishia kwenye kaliba, kwamba isipungue .375. Ni sawa, lakini .375 yenye kichwa cha ovyo bado ni hatari kwa waliomzunguka mpigaji. Kwa hiyo nawaomba wawindaji bingwa: siku ya kwanza, kabla ya karatasi, fungueni maboksi ya mgeni. Lililoandikwa Match, yaani risasi za mashindano, libaki kambini. Mpeni risasi za kuwindia kutoka stoo yenu, kisha apige karatasi upya kwa hizo hizo, maana risasi mbili tofauti kutoka bunduki moja hazigongi mahali pamoja. Akikataa, asipelekwe kwa nyati.