MWETHYA SI MSHAHARA: NANI ATAILINDA BARABARA YA NYUMBANI?



Mwenzetu akipewa likizo siku hizi hupanda gari la moshi Mombasa asubuhi, na siku ile ile ameshuka Kibwezi au Emali. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa chache. Lakini kutoka stesheni mpaka mlangoni kwa mama yake, hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Kukiwa na jua atapanda bodaboda na kula vumbi. Mvua ikinyesha nauli huwa maradufu, na mto ukijaa basi atalala mjini kwa gharama yake, mzigo kichwani, akingojea maji yapungue.

Baadhi ya wanachama wametuuliza: Je, chama cha wafanyakazi kinahusika nini na barabara ya kijijini? Si kazi yake ni mishahara, saa za kazi na nyumba?

Twajibu hivi. Mshahara wetu haukai mfukoni mwetu. Hupita katika barabara ile ile kwenda kulipa karo, kununua dawa na kujenga nyumba. Barabara mbovu huukata mshahara kila mwezi, wala hakuna karatasi ya kutuonyesha makato hayo. Ndengu za mke wako zinanunuliwa kwa bei ndogo kwa sababu mwenye lori asema njia ni mbaya. Maembe ya Makueni yanaoza chini ya miti kwa sababu hiyo hiyo. Saruji ya Emali ikifika kijijini imeongezeka bei. Tukipigania nyongeza ya mshahara mezani na kuipoteza njiani, tumefanya nini?

Lakini leo hatutaki kulalamika tu juu ya mashimo. Kuna jambo jingine ambalo yafaa tuliseme waziwazi, maana limeanza kuwagawanya watu wetu. Katika vijiji vingi, barabara ikiharibika, watu huambiwa: "Tokeni kwa mwethya mkatengeneze." Wanaotoka ni akina mama na wazee. Wanafanya kazi kutwa bila senti moja. Swali letu ni hili: kazi hiyo ni mwethya kweli, au ni kibarua kisicholipwa?

Tukumbuke tulikotoka. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu na wazee wa vijiji uwezo wa kuwatoa watu kufanya kazi za barabara na mifereji bila malipo, mpaka siku 24 kwa mwaka. Kazi hizo ziliwaangukia sana akina mama, kwa kuwa wanaume walikuwa wamekwenda kutafuta kodi Nairobi na Mombasa. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1924, yaliundwa Mabaraza ya Wenyeji katika Kitui na Machakos (wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos), na kitini alikaa Bwana D.C. Mwaka 1950 mabaraza hayo yakageuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Katika miaka hiyo ya 1950 serikali ya kikoloni iliyatumia makundi ya mwethya kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Matuta yalifaa, hatukatai. Lakini tangu hapo jina la mwethya limekuwa likitumiwa na wakubwa kila wanapotaka kazi bila kulipa.

Mwethya wenyewe ni kitu gani? Kila Mkamba anajua. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba hupika, majirani hufanya kazi, na zamu huzunguka mpaka kila mmoja amesaidiwa. Kwa njia hii watu wa Kitui na Makueni wamejenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu, wakapata maji mahali ambapo akina mama walikuwa wakitembea nusu siku na punda. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini aliyefanya kazi bwawani ndiye anayekunywa maji yake. Barabara ya kaunti ni jambo jingine. Hiyo tumekwisha kuilipia.

Tumeilipia wapi? Katika kila lita ya petroli na dizeli. Kuna ushuru wa kutunza barabara, na mwezi wa Julai 2024 ulipandishwa kutoka Sh. 18 mpaka Sh. 25 kwa lita. Mwenye bodaboda akijaza tangi, kwanza hulipa yeye, kisha anatulipisha sisi tunaokaa nyuma yake. Kwa hiyo mama anayepelekwa kliniki kwa pikipiki ametoa pesa za barabara. Ikiwa juma linalofuata anaitwa na jembe kuitengeneza barabara hiyo bure, amelipa mara mbili: mara ya kwanza kwa pesa, mara ya pili kwa mgongo.

Wengine watasema: "Kaunti haina pesa." Hapo pia tujue historia. Baada ya uhuru halmashauri za kaunti zilishika shule za msingi, afya na barabara za mashambani. Lakini kwa sheria ya mwaka 1969, tangu tarehe 1 Januari 1970, kazi hizo tatu ziliondolewa mikononi mwao zikapelekwa kwa Serikali Kuu, pamoja na kodi iliyokuwa ikizilisha. Halmashauri zikabaki na masoko, vichinjio na ushuru wa mbuzi. Kwa miaka 43 mwananchi wa Mutomo au wa Kathonzweni aliyetaka kalvati alipaswa kungoja mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kuuona mto wake.

Katiba ya 2010 ilizirudisha barabara za kaunti nyumbani, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 kaunti zilianza kazi. Barabara kuu zilibaki kwa Serikali ya Taifa. Tena tusiwe watu wasio na shukrani: lami ya kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui imewafungulia njia watu ambao reli haikuwafikia kamwe, maana reli, ya zamani na ya sasa, yote imepita upande wa Makueni. Lakini mtu haishi juu ya lami. Huishi kilomita kumi au ishirini ndani, na humo ndimo mwenye mamlaka ni kaunti. Mwaka 2024 wabunge na magavana waligombania mabilioni ya ushuru ule wa barabara, kila mmoja akitaka kuushika yeye. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Na safari hii zimeota katikati ya barabara.

Sasa tuseme yale tunayoyajua kwa kazi yetu wenyewe. Sisi wa njia ya reli tunajua kwamba njia haiharibiki siku moja. Kila kipande cha reli kina genge lake na mnyapara wake. Kuna mtu wa kutembea juu ya njia akitazama msumari uliolegea, taruma lililooza na kokoto zilizokimbia. Zaidi ya yote, mitaro husafishwa kabla ya mvua, kwa kuwa adui wa njia ni maji, wala si uzito wa gari la moshi. Hakuna mkubwa wa reli anayengoja mpaka mabehewa yaanguke ndipo aulize genge liko wapi.

Barabara za nyumbani hufanyiwa kinyume. Greda hupita mara moja, labda karibu na uchaguzi, kisha huondoka. Mitaro haina mwenyewe. Mvua ya kwanza huziba kalvati kwa matawi na mchanga, ya pili huyageuza maji yapite katikati ya barabara, na ya tatu huchimba korongo. Mtu mmoja mwenye jembe na karai, kwa kazi ya asubuhi moja, angeliweza kuizibua kalvati ile. Hakuwapo, basi kaunti italipa tingatinga kwa mamilioni.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1974 Kenya ilianza mpango wa barabara za mashambani, zikajengwa maelfu ya kilomita kwa majembe na mikokoteni, na watu wa mahali hapo wakilipwa ujira. Kisha mkaaji wa karibu alipewa kipande chake cha barabara akitunze, akalipwa kwa siku alizofanya kazi. Wageni walitoka nchi nyingine kuja kujifunza kwetu. Basi tunalotaka ni lile lile tulilowafundisha wengine: kila kipande cha barabara ya kaunti kiwe na mlinzi wake, mwanamume au mwanamke wa kijiji hicho, mwenye mkataba, vifaa na malipo ya kila mwezi.

Tena hatuzungumzi juu ya vumbi na nauli peke yake. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu, upande wa Mwingi, basi lililowachukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka maji yaliyofunika daraja, likasukumwa likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Kenya nzima iliona. Lakini ni vivuko vingapi vidogo ambavyo havikuonekana na mtu? Mwandishi wa maneno haya amepata kukaa usiku mzima ng'ambo ya mto, simu mkononi, akimsikiliza mama yake mzazi akiugua upande wa pili, na gari la kumchukua likiwa limesimama haliwezi kupita. Kulipokucha maji yalipungua, tukavuka. Mama alipona. Si kila mtu amekuwa na bahati hiyo.

Basi tufanye nini? Kwanza tujilaumu sisi wenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kijiji kiwe na baraza lake: msimamizi wa kijiji na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, na kazi yao mojawapo ni kuwaleta wananchi katika mipango na kuangalia jinsi inavyotimizwa. Makueni imejulikana kwa mikutano yake inayoanzia kijijini na kupanda mpaka kaunti, na kwa kamati za wananchi zinazoitazama kazi ya kontrakta. Kitui ina wadi 40 na Makueni 30, na kila wadi ina mwakilishi wake. Milango ipo. Lakini sisi wenye mishahara, tunaojua kusoma mkataba na kudai haki mbele ya mwajiri, hatuonekani huko. Tunatuma pesa kwa simu, kisha tunakaa kantini kuwalaumu walioamua. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo manne.

La kwanza: kila tawi lenye watu wa Kitui na Makueni liandike barua kwa wasimamizi wa wadi, likiomba mikutano ya mipango ifanywe Jumamosi au Jumapili baada ya ibada, ili mfanyakazi apate kuhudhuria. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi ni wa wasio na kazi na wenye tenda.

La pili: mwanachama akienda likizo aende na daftari. Apime mwendo, ahesabu kalvati zilizoziba, aandike mahali mto unapokata njia. Baraza huheshimu hesabu kuliko kelele.

La tatu: katika bajeti tudai fungu la utunzaji kabla ya fungu la barabara mpya, na tudai walinzi wa barabara walipwe. Tena tuulize kwa sauti: barabara hii imegharimu kiasi gani, kontrakta ni nani, na vibarua wake wamelipwa?

La nne: tuwe macho juu ya mchanga. Lori zinazochota mchanga mtoni huteremsha kitanda cha mto, na msingi wa kivuko hubaki ukining'inia. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Sheria bila macho ya watu ni karatasi.

Tusieleweke vibaya. Kivuko kikikatika usiku na mgonjwa yuko ng'ambo, hatutauliza nani atalipa. Tutashika majembe, na hoja zitangoja asubuhi. Huo ndio utu, na huo ndio mwethya. Tunachokataa ni mtu mwenye ofisi na mshahara kuugeuza utu wetu uwe bajeti yake.

Kazi za barabara ziliondolewa kwetu mwaka 1970, na wengi hawakupata hata habari. Zimerudi. Tukizidi kulala zitaondoka tena, na safari hii hatutakuwa na wa kumlaumu.

Ndugu, onaneni barazani. Kazi yoyote ni kazi, na kazi hulipwa.

UMOJA NI NGUVU.