Vikao vya kuacha pombe havidai pasipoti

Tanzania ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, Uganda ikafuata 2019. Hata hivyo, mfanyabiashara anayelala Busia au Namanga akisubiri mzigo bado anakuta baa jirani na gesti. Kwa aliyeanza kuacha, usiku huo ndio mgumu.

Msaada upo, ila umekaa mijini. Vikundi vya Alcoholics Anonymous (AA), vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, hukutana Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada, na jina la kwanza linatosha. Aliyezoea kikao cha Nairobi anaweza kuketi na wenzake Kampala bila barua ya mtu. Soko la pamoja lenyewe halijafika hapo. Hata mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake.

Kinachowakwamisha wafanyabiashara ni ratiba. Kikao cha Jumanne hakimfai anayevuka mpaka kila Jumanne. Inafaa kuuliza kabla ya safari kikao kiko wapi, ni cha wazi au cha wanachama tu, na kuondoka na namba ya mwenzako wa kumpigia usiku. Vipo pia vikao vya mtandaoni. Aliyeko Kenya apige 1192, namba ya bure ya NACADA. Anayekunywa sana kila siku amwone daktari kwanza, kwani kukatiza ghafla kunaweza kuleta degedege, hata kifo.

Vituo vya pamoja vya mpakani vimeweka forodha, uhamiaji na maofisa wa afya mahali pamoja. Kubandika ukutani tangazo la vikao kungegharimu karatasi moja.